Modeste wa Firmin wa Charlot

Osite Gaudet alisimama mlangoni adhuhuri, mwiko ungali mkononi, akamwita binti yake aje kula. Akaitikiwa mara mbili.

Itikio la kwanza lilitoka mbali, kwenye tuta la udongo linalozuia bahari isiingie mashambani, ambako Modeste alikuwa akisaidia kuziba ufa. La pili lilitoka nyuma ya Osite, ndani ya nyumba, chini ya mbao za sakafu, kwenye shimo walimohifadhi viazi na kabichi za majira ya baridi. "Abee, mama." Ilikuwa sauti ndogo, ya mtoto ambaye meno hayajamaliza kuota.

Osite hakugeuka. Alirudi mezani, akapakua supu bakuli mbili, akaketi kuzitazama mpaka Modeste akaingia na matope magotini, akilalamika kwamba wanaume wa bonde hili wanajua kupiga soga kuliko kushika sepetu. Mwanamke mwingine angefunua shimo aangalie. Osite hakufunua, na mtu mwenye akili angeanza kumshuku papo hapo, kwa sababu hofu yake haikuwa ya mtu asiyejua kilichomo.

Ulikuwa mwaka wa kumi na tisa tangu askari wa Kiingereza watuswage melini na kututapanya kwenye pwani za watu. Tuliorudi tulirudi kwa miguu, msitu baada ya msitu, tukakuta mashamba yetu yana wenyewe wapya, ndipo tukajibanza hapa katika bonde la Memramcook. Firmin, mume wa Osite, alitembea safari hiyo yote akiwa amembeba Modeste mabegani. Alikufa kwa kifua miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, na neno lake la mwisho lilikuwa la kuuliza kama mtoto amekula. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo.

Vitabu vya kanisa letu navyo vilipotelea katika purukushani ile, kwa hiyo ukoo tunaubeba mdomoni. Mtu wa kwetu haitwi Modeste ikaishia hapo. Ni Modeste wa Firmin wa Charlot wa Pierre, na ukimkatia jina njiani atakununia. Padri huja mara moja kwa mwaka, na akija haozeshi mtu ambaye ukoo wake haujasomwa hadi babu wa babu, maana tumebaki wachache na kila unayemsalimia ni binamu. Kazi hiyo tunaiita kufyeka ukoo, kama mtu anavyofyeka pori apate shamba. Hufanywa nyumbani kwa bibi harusi, mama yake akisoma mbele ya mashahidi. Akikosea jina moja anarudi mwanzo na watu wanamcheka. Kuhusu kudanganya, hakuna kanuni iliyowekwa, kwa kuwa haikumjia mtu yeyote kichwani kwamba mwenzetu angeweza kudanganya juu ya ukoo. Tunadanganyana juu ya ng'ombe, juu ya umri, hata juu ya toba, lakini juu ya ukoo, hapana.

Basi Modeste alikuwa ameposwa na Placide Belliveau wa ng'ambo ya mto, kijana mwenye masikio makubwa na moyo mzuri, na padri alitazamiwa mwezi wa Juni. Tangu Pasaka Osite alianza mazoezi. Kila asubuhi alisimama mbele ya meko, mikono imeshika sufu, akasoma kwa sauti: Modeste wa Firmin wa Charlot wa Pierre. Kwa miaka yote kumi na tisa hakuwahi kuusoma ukoo huo mwanzo hadi mwisho. Ilipotakiwa, alimwachia Firmin, na watu walimsifu kwa kumheshimu mume. Lile itikio la shimoni lilikuja siku ya tatu ya mazoezi.

Baada ya hapo ilikuja harufu. Modeste ndiye aliyeisema kwanza, akidhani panya amefia kwenye viazi. Ilikuwa harufu ya lami, chumvi na matapishi ya zamani, na ilipanda katikati ya mbao hasa maji ya bahari yanapojaa. Osite alisema ni kabichi. Modeste akajibu kwamba kama ile ni kabichi, basi yeye ni askofu. Walicheka wote wawili, kisha Osite akatoka nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba Modeste alianza kutosikia akiitwa. Mwanzoni Osite aliita mara mbili, baadaye tatu, na binti akiwa hatua nne tu kutoka kwake hakuinua kichwa, mpaka aguswe bega. Akiguswa alikuwa wa baridi. Sauti yake, iliyokuwa ikisikika toka tutani hadi nyumbani, ilikonda wiki hata wiki. Asubuhi nywele zake zilikuwa na chembe za chumvi, ingawa hakuna aliyekwenda baharini. Placide alipokuja kumtembelea alimwita jina lake mlangoni kwa utani, kama alivyozoea, akangoja, kisha akamuuliza Osite taratibu kama amemkosea nini mchumba wake.

Alasiri moja ukungu ulishuka mzito hadi dirishani. Osite alikuwa akisokota uzi, gurudumu likizunguka mbele yake, na Modeste ameketi upande wa meko akichambua sufu, kimya, uso umemlegea. Osite alisahau kwamba binti hasikii tena akiitwa. Akiwa na macho kwenye uzi, alisema kama alivyosema mara elfu, Modeste, nipe sufu, akanyoosha mkono wa kushoto pembeni bila kutazama, na sufu ikawekwa kiganjani mwake, nayo ilikuwa imelowa, na vidole vilivyoiweka vilikuwa vifupi na laini na vya baridi, navyo havikuondoka bali vilibaki vimeshika kidole chake cha shahada kama mtoto anavyoshika akitaka kusimama, na wakati huohuo Osite akaona, ng'ambo ya gurudumu ambalo lilikuwa bado linazunguka, binti yake ameketi palepale na mikono yote miwili mapajani, hakusikia, hakusogea, wala hakujua kwamba jina lake limeitwa na mwingine amekuja.

Osite hakupiga kelele. Akasema kwa pumzi tu, "Niache, mwanangu. Niache." Vile vidole vikaachia. Maji yalitiririka kutoka kiganjani mwake hadi kwenye kiwiko, na alipoyaonja yalikuwa ya chumvi.

Siku iliyofuata akaja Ursule. Huyu ni mkunga wetu, kikongwe mvuta kiko, ambaye pia hutuliza damu na majeraha ya moto kwa kuyasomea dua, na ndiye ambaye kichwa chake kinabeba koo zote za bonde. Alikuja kumsikiliza Osite kabla ya siku yenyewe. Alivuka kizingiti, akasimama, akaondoa kiko mdomoni akakizima kwa kidole gumba. Kisha akamwambia Modeste aende kwake akamletee miwani. Modeste alipotoka, Ursule alifunga mlango mwenyewe. Hakuwa na miwani katika maisha yake yote.

"Hii harufu naijua," alisema. "Nilikaa ndani yake siku thelathini, na wewe ulikaa pembeni yangu. Nani amekuja, Osite?"

"Hakuna mtu."

"Nimezalisha nusu ya bonde hili. Mwanamke anayebana kitu namjua kabla hajaketi."

Osite akaketi. Mambo aliyokuwa ameyafungia miaka kumi na tisa yakamtoka bila mpangilio. Ufukweni, wanaume walipakiwa meli moja na wake zao nyingine. Firmin alimbusu mtoto nyayo, juu ya mkono wa askari aliyewatenganisha, akasema, nitunzie huyu. Walishushwa tumboni mwa meli, gizani, watu wamelala kama kuni zilizopangwa, na homa ikaingia. Siku ya kumi na mbili Modeste alikufa bila kulia. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Ubavuni kwake alikuwa amelala Cécile, mjane kutoka kijiji kingine, naye alikuwa amekufa saa chache kabla, na juu ya kifua chake kuna mtoto wa kike, umri uleule, usingizini.

Kwenye giza lile Osite alifanya kazi kwa mikono. Alimtoa yule aliye hai, akamweka aliyekufa. Akabadilisha kofia zao. Asubuhi askari waliposhuka na taa, alisema Cécile na mwanawe wamekwenda pamoja. Firmin alipowapata hatimaye, baada ya miaka miwili, mtoto alikuwa mkubwa, na baba haoni ila anachokiombea kila siku. Alimnyanyua juu akalia, akasema amefanana na mama yake, na Osite angefanya nini hapo.

Ursule alikuwa ameinama, akikigeuza mkononi kiko alichokizima.

"Mimi ndiye niliyewasomea," alisema. Padri hakuwamo melini, na Ursule ndiye aliyesimama ukingoni kila walipotupa mtu majini, akamtaja marehemu kwa ukoo wake wote, ili wafu wake wamjue na kumpokea. Sisi ndivyo tunavyoamini: ng'ambo ile nako unaulizwa wa kwa nani. "Nilisimama pale nikamsomea mwanao ukoo wa watu wengine. Kwa mdomo wangu huu. Unajua ulichomfanyia?"

Osite alisema hajui. Alikuwa anajua.

Ursule aliinuka, akashika pete ya kifuniko cha shimo akakivuta. Nyumba ya Osite iko kilimani, juu kuliko maji yalivyowahi kupanda, na shimo lilikuwa kavu tangu lilipochimbwa. Sasa lilikuwa limejaa. Maji meusi yalisimama sawa na sakafu, hayatikisiki, kabichi zikielea, na harufu ikawapiga wote wawili usoni. Halafu kutoka ndani ya maji yale, karibu sana, ile sauti ilisema, "Wamenifukuza, mama. Wamesema mimi si wao."

Osite alipiga magoti akaweka mkono juu ya maji, asiyaguse, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesomewa hukumu anayoijua. Sisi sote tulifukuzwa na wageni. Mtoto yule alifukuzwa mara mbili, na mara ya pili mlango ulifungwa na mama yake mzazi. Tangu siku ile alikuwa akizunguka baina ya wafu wasiomtaka na walio hai wasiomtaja, mpaka asubuhi zile za baada ya Pasaka aliposikia jina lake likisomwa lote, taratibu, kwa sauti ya mama, naye akafuata.

Ursule alirudisha kifuniko akakikalia, akaongea kwa sauti ya chini. "Lirudishe jina lake. Siku ya kufyeka ukoo, mbele ya watu. Ukoo haufai ukisomwa peke yako."

"Nitampoteza Modeste."

"Modeste unaye hapa chini. Huyo mwingine unampoteza sasa hivi, humwoni anavyofifia? Jina ni moja, na mwenyewe amerudi kulichukua."

"Na yeye atabaki na nini?"

"Padri atambatiza upya. Atapewa jina jipya, lisilowahi kuwa la mtu." Ursule alimshika Osite kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo kikongwe hapaswi kuwa nayo. "Ila lile alilozaliwa nalo, usilitamke. Mimi nalijua, na wewe unalijua, tufe nalo. Cécile aliletewa mtoto akaona si wake. Unadhani tangu hapo amekaa tu? Anamtafuta wake. Siku atakapolisikia jina lile likiitwa juu ya kichwa cha mtu aliye hai, atajua ni nyumba ipi." Osite aliapa kwa roho ya Firmin.

Wiki mbili baadaye walikuja upande wa bwana harusi. Placide alikuja na mama yake, Euphrosine Belliveau, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye huwezi kumpikia kitu asikitie kasoro. Aliionja supu ya kuku ya Osite akasema ni nzuri, kuku mwenyewe lazima alikuwa mtu wa maombi maana amefunga hadi mifupa. Walikuwapo na majirani wanne wa kushuhudia. Waliendelea kutaniana mpaka Placide alipomtoa Modeste chumbani akiwa amemshika kiunoni, kwa kuwa hakuweza kutembea peke yake, na utani ukaisha. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Alipowasalimu, waliona mdomo ukitikisika bila kusikia kitu.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, maji ya bahari yamejaa. Ursule alifungua mlango wa mbele wazi kabisa. Alikiondoa na kifuniko cha shimo, akamwambia Euphrosine kwamba anapitisha hewa kwenye viazi, na Euphrosine akasema ni jambo la busara kwa harufu ile.

Osite alisimama. Alianza vizuri, kama alivyofanya mazoezi.

"Modeste," alisema, na maji yakasikika shimoni, yakilamba mbao.

"Wa Firmin." Kitu kilipanda kidato cha kwanza cha ngazi ya shimo.

"Wa Charlot. Wa Pierre Gaudet." Kidato cha pili, cha tatu, cha nne, polepole, kwa miguu ambayo haijazoea ngazi, na mashahidi waligeuza vichwa vyote pamoja wakaona ukingo wa shimo ukilowa mahali ambapo mtu mfupi angeshika. Osite hakunyamaza, aliendelea kwa sauti iliyozidi kupanda kadiri nyayo zile ndogo za maji zilivyokuwa zikijichora juu ya sakafu, moja mbele ya nyingine, zikipinda kukwepa mguu wa meza, zikipita kati ya viatu vya majirani waliokuwa wamejibana ukutani, zikimjia, akasema kwamba Modeste huyu alizaliwa kwake na akafa kwenye meli akiwa na miaka miwili na miezi mitatu, kwamba alitupwa majini mikononi mwa mwanamke asiye mama yake na kusomewa ukoo usio wake, na kwamba aliyefanya hivyo ni yeye Osite, akijua, na hakuna mwingine. "Ni mwanangu," alisema. "Nilimkana. Firmin, mpokee, ni wako. Charlot, mpokee. Pierre, mpokee."

Nyayo zilisimama mbele yake. Sketi ya Osite ilivutwa chini kidogo, mara moja, pindo likalowa. Halafu nyayo zikageuka, zikatoka kwa mlango uliokuwa wazi, haraka sasa, kama mtoto aliyemwona mtu anayemfahamu uani. Kwenye majani ya nje hazikuonekana tena.

Harufu ilikatika. Shimoni mlikuwa na viazi vikavu. Na kwenye benchi, yule binti alivuta pumzi ndefu, damu ikampanda mashavuni, akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya tutani, "Nina njaa." Placide alilia bila aibu, masikio yamemwiva. Osite alikuwa amekaa chini sakafuni, pindo la sketi limebanwa mdomoni, akilia kwa furaha na kwa msiba wa miaka kumi na tisa, vyote pamoja. Kama ningeruhusiwa kuchagua, ningeishia hapa.

Aliyeanza alikuwa Euphrosine, na simlaumu, maana alikuwa ametishika na watu wengine wakitishika huongea.

"Basi huyu tuliyemposa ni nani?"

Ursule alisema ni yuleyule wa jana, na padri akija atampa jina.

"Jina la hewani? Mama yangu mimi ana ndugu vijiji sita. Nitajuaje huyu si binamu wa mwanangu? Nitajuaje si zaidi ya binamu? Siozi mtu ambaye hana pa kutokea."

Placide alisema yeye ataoa hivyohivyo. Mama yake alimwambia padri ndiye aozeshaye, si masikio yake yale. Na hilo lilikuwa kweli. Kila mtu mle ndani alijua ni kweli. Ursule alipiga meza kwa kiko akasema mambo hayo yangoje, leo siyo siku yake, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akiogopa.

Binti hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amesimama, anamtazama Osite. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na ndani ya robo saa alikuwa amepokonywa jina, baba aliyembeba mabegani, na babu wote.

"Alikuwa akiniitaje?" aliuliza. "Mama yangu."

"Mimi ndiye mama yako."

"Aliyenizaa. Aliniitaje?"

Osite alisema hajui. Binti alimjua Osite kwa kila pumzi, alimjua akidanganya.

"Umenificha miaka yote hii, na bado unanificha," alisema taratibu. Akachukua shali yake msumarini. Placide alimfuata, naye akamzuia kwa mkono. Alisema atakwenda kijiji kwa kijiji, mpaka pwani ikiisha, akiuliza ni nani aliyepoteza mjane na mtoto katika meli ile, na kwamba hatarudi katika nyumba hii, wala Osite asimtafute. Alikuwa amefika kizingitini. Mgongo wake ulikuwa mnyoofu, na Osite aliona kwamba anakwenda kweli.

Ursule alisema, "Osite. Uliapa."

Mtu anaweza kusema angenyamaza. Mimi nimelifikiria mara nyingi na sijui. Mwanamke yule alishazika mtoto mmoja bila kumlilia, ili abaki na huyu. Alikuwa ametoka kumpa wa kwanza kwa heri dakika chache zilizopita, na huyu wa pili, aliyemfundisha kutembea katika nchi za ugenini, aliyemfunga nguo zake mwenyewe mwilini theluji ilipowakuta msituni, alikuwa anavuka mlango akimchukia. Alichotaka ni ageuke tu.

"Rosalie," Osite alisema.

Binti aligeuka. Uso wake ulilainika, akatabasamu, na kwa kitambo kidogo Osite alidhani amefaulu. "Rosalie," binti alirudia, akilijaribu mdomoni. Placide naye akalisema, kwa upole, na Euphrosine akauliza, Rosalie wa nani. Lilikuwa limeshaitwa mara nne. Ursule alikuwa amekwisha kutoka nje kwa mlango wa nyuma, hakusubiri shali wala kiko chake.

Binti alirudi ndani, akapita meza, akaketi kwenye benchi karibu na dirisha, amelipa jua mgongo. Alionekana ametulia sana. Kofia yake ya kitambaa ilifunguka kamba chini ya kidevu, ikateleza ikaanguka sakafuni. Hakuiinamia. Kisha nywele zake, ambazo zilikuwa zimebanwa kisogoni, zilianza kufunguka zenyewe, fungu moja baada ya jingine, zikanyooshwa, zikagawanywa katikati kwa mstari ulionyooka, zikaanza kusukwa taratibu, na kichwa chake kilikuwa kikivutwa nyuma kidogo kila mara fundo lilipokazwa, naye amefumba macho kwa raha, kama mtoto wa miaka miwili aliyeketi katikati ya magoti ya mama yake, na katika ukimya ule, katika chumba kilichojaa watu na jua, wote walisikia mwanamke akiimba kwa sauti ya chini, bila maneno, wimbo wa kumlaza mtoto, na sauti hiyo ilitoka mahali palipokuwa patupu, baina ya mgongo wa binti na dirisha.

Euphrosine alimshika mwanawe mkono akamburuta nje. Majirani walikwisha kutoka.

Osite alibaki. Alitembea kwa magoti hadi kwenye benchi, akaweka mikono miwili juu ya mapaja ya binti, akamwita mwanangu. Akasema tena, mwanangu, ni mimi.

Binti alifumbua macho. Alimtazama kwa adabu, kama tunavyowafundisha watoto wetu wamtazame mgeni aliyechoka na safari, akamuuliza lile tunalomuuliza kila mtu tusiyemjua anapofika mlangoni.

"Na wewe, mama, ni wa kwa nani?"